Redio Kubwa Irudi Dukani

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Umeme bado haujarudi. Kati ya redio mbili ulizoleta tuchague, kubwa irudishe dukani leo hii, tubaki na ile ndogo ya manjano. Najua kubwa umeipendea taa yake, na ndogo inakoroma kama wewe. Hiyo inayokoroma ndiyo itatufaa, gizani na safarini.

Asubuhi mlipokuwa mmelala nilizijaribu. Ndogo nikauzungusha mkono wake wa kuitia nguvu, ikasema, nilipoacha ikafifia, ikanyamaza. Kubwa sijaigusa bado, ikaanza kusema yenyewe. Ilikuwa sauti yako! Uliniita, “Mama Watoto! Mama Watoto!” kama mtu anayenitafuta chumba hadi chumba, na watoto wanalia nyuma yako. Nikachungulia chumbani: nyote mmelala fofofo. Nikaitika, “Abee!” Redio ikaendelea kuniita, kana kwamba hukunisikia.

~~Nimeshapanda basi, nitarudi kesho jioni.~~ Hapana. Nimefika stendi, miguu ikagoma kupanda, nimerudi kuandika haya. Safari nimeiacha. Niko kwa dada, nyumba ya nyuma. Mkiamka njooni wote, mniite mlangoni kwa sauti. Nataka kuitika, nisikiwe.

Mama Watoto