Ukuta Nilioruhusu Uvunjwe Kimbo

Alhamisi, Thika. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta mbili, na moyo wangu haujatulia.

Tetemeko la juzi lilidumu sekunde chache tu. Madirisha ya darasa yalilia, chaki ikaviringika mezani, basi. Leo kidato cha tatu walitaka niwafundishe hilo, nami nikafurahi. Mwalimu wa fizikia haombwi somo kila siku.

Nikawaeleza kwamba namba inayotangazwa redioni hupima nishati iliyoachiliwa huko chini ya ardhi. Ukipanda namba moja, nishati huzidi karibu mara thelathini na mbili. Ukipanda mbili, karibu mara elfu. La juzi lilikuwa dogo sana. Nilijisikia mjuaji kweli.

Msichana mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, kama ilikuwa ndogo, mbona ukuta wa jirani yetu umepasuka?"

Nikamjibu kwamba namba ni moja kwa tetemeko zima, lakini kila nyumba hutikiswa kivyake, kutegemea umbali, udongo na ujenzi. Mbaya zaidi ni ile yenye kuta nzito juu na nguzo tupu chini, kwa sababu ardhi ikisogea, nguzo hizo ndizo hubeba mtikiso wote. Nikaichora ubaoni.

Nilikuwa nimechora nyumba yetu.

Baba aliijenga mtaa wa Kimbo, kule Ruiru, orofa tatu, akaacha vyuma vimechomoza juu ya paa kama wafanyavyo wote wanaotumaini kuongeza. Alipofariki, kaka yangu Kamau akaongeza mbili. Mwaka jana akataka duka pana pale chini, akaniita mimi. Kwetu, aliyesoma fizikia ndiye injinia. Nikagonga ukuta kwa kidole, nikasikia uwazi, nikasema huu ni wa kugawanya vyumba tu, toeni. Nilikuwa na haraka. Pia nilipenda kuulizwa.

Baada ya shule nilienda Ruiru moja kwa moja. Dukani, nyuma ya rafu za unga, nguzo ya kati ilikuwa imepakwa rangi mpya. Niliigusa, rangi ikanishika kidoleni. Chini ya rangi, ufa ulipita mshazari, umezibwa kwa simiti.

"Wambui, usianze," Kamau alisema. "Watu wataogopa bure. Si ni wewe ulisema ukuta utoke?"

Ni mimi.

Nilimkuta Mama Njoki, mpangaji wa orofa ya tatu, akianua nepi na mtoto mgongoni. Nikamwambia yote, hata ile ya kugonga kwa kidole. Nikamsihi aje kwangu Thika leo leo, yeye na mumewe na mtoto. Hakunipigia kelele, na natamani angepiga.

"Asante, mwalimu," akasema. "Na hawa wengine wa juu, utawaweka wapi?"

Nikapanda ngazi nikaanza kugonga milango. Wa kwanza alinicheka. Wa pili akaniuliza kama nataka kumtoa nimpangishe mtu mwingine. Kwenye mlango wa tatu nilisikia watoto wakiimba ndani, nikasimama pale muda mrefu, kisha nikashuka bila kugonga. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kesho nitakuwa mlangoni pa ofisi ya ujenzi ya kaunti kabla hawajafungua. Nitaishtaki nyumba ya baba, na wakiuliza nani aliruhusu, nitaandika jina langu. Kamau hatanisemesha tena. Nimekubali.

Nimepiga simu kwa Mama Njoki sasa hivi kumuuliza tena kama watakuja kwangu. Amesema watabaki, ila wameamua kulala wamevaa viatu.