Siku Tisa za Juni

Kuresoi,
Jumatano, tarehe 9 Oktoba.

Kwa mtoto wangu Chelangat,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kama mvua ya huku. Naomba barua hii ikukute umekula, umelala vizuri na kile kikohozi kimekuacha. Sisi Mungu anatutunza. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwa paji, na ndugu yako Bethwel sasa anatembea bila fimbo, ingawa kuhusu hiyo fimbo nina maneno ya kukuambia hapa mbele. Je, huko kwako Nakuru, Section 58, maji yamerudi? Na yule jirani wa juu bado anafungua redio kwa fujo? Tafadhali vaa sweta. Wewe ukianza kusoma hujui hata kama kuna baridi, nakujua.

Najua utashangaa mama anaandika barua na simu iko. Nimekupigia mara tatu tangu jana, na mara tatu nimeuliza umekula nini halafu nikakata. Kwa simu wewe una haraka na mimi nina machozi. Kwa karatasi hakuna wa kunikatiza. Rafiki yako Mercyline ameenda na Bethwel kuona shamba, na mchana huu anarudi Nakuru, kwa hivyo naandika mbio. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, soma polepole.

Kwanza asante kwa kumtuma Mercyline na zile karatasi. Huyo msichana amelelewa. Alifika jana, akakataa kukaa sebuleni, akavuta kigoda jikoni na kunisomea kazi yenu yote ya utafiti, kurasa kumi na nne, akigeuza Kizungu kuwa Kiswahili mstari kwa mstari. Akifika kwa neno lililomshinda anasema hilo tuliachie wenyewe, tunacheka, tunaendelea.

Alianza na majina. La kwanza lako. La pili, Rael Jebet. Chelangat, nilimwambia arudie. Nikamwomba anionyeshe kwa kidole. Unajua jina langu liko kwa kitambulisho na kwa kadi ya kliniki, basi. Hapa kijijini hata mchungaji ananiita Mama Chelangat. Nililiangalia mpaka uji ukamwagika kwa moto.

Halafu nikamhurumia Daktari Adongo, mwalimu wako mkubwa, kwa sababu jina lake lilikuwa la mwisho kabisa. Nikauliza amekosa nini mpaka mkamweka nyuma kama mtu aliyechelewa harusi. Mercyline alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaniambia kwenu wa mwisho ndiye mkubwa, yule aliyesimamia kazi, na wa kwanza ndiye aliyetoa jasho, na wa katikati ni wale walioshika huku na kule. Nikamwambia kwa kanisa letu tulipoandika majina ya waliojenga, wakubwa walikaa juu kabisa ya ukuta, na sisi tuliobeba mawe tukaandikwa “na waumini wote.” Akaniambia, mathe, hata kwetu ilikuwa karibu iwe hivyo.

Ndipo akanieleza mambo ambayo wewe hukuniambia. Ati Daktari Adongo alisema mkulima huwa anashukuriwa mwishoni, kwa maandishi madogo, pamoja na dereva. Ati wewe ukamuuliza, na Ogola je? Yule Ogola aliyekuja huku siku moja na gari la chuo, akasimamisha mti wa kuwekea kipimo cha mvua, akapiga picha, akala sahani mbili za ugali, akaniambia “asante mathe” na vumbi likafuata. Yeye jina lake ni la tatu! Ukasema aliyetoa wazo la kuangalia viazi vya kando ya fensi ni mama yako, aliyepima mvua misimu miwili ni mama yako, aliyehesabu majani ni mama yako, na kama hiyo si kazi ya mtu kuandikwa juu, basi wafute na lako. Haki wewe mtoto! Mimi ningeogopa hata kubisha mlango wa huyo Daktari. Mercyline anasema Daktari alivua miwani, akakubali. Lakini aliweka sharti. Kila mwenye jina juu ya karatasi ni lazima ajue kilichoandikwa, akubaliane nacho, na mtu akiuliza kuhusu sehemu yake, awe wa Nakuru ama wa ng'ambo, ajibu mwenyewe. Ndiyo maana kuna fomu ya kusaini, na ndiyo maana inatakiwa kufika kabla ya Ijumaa, siku ya kutuma kazi kwa wale wenye jarida.

Niliposikia hilo neno la kujibu, nilijifanya naenda kuchukua kuni.

Wacha nikuambie jinsi ninavyoielewa hiyo kazi, ujue nilisikiliza. Mnasema ule ugonjwa unaochoma majani ya viazi hauanzi katikati ya shamba. Unaanza kwa vile viazi vilivyosahaulika msimu uliopita, vinavyojiotea vyenyewe kando ya fensi, halafu baada ya siku tano unaruka kuingia shambani. Mkulima akivingoa hivyo mapema, hatapiga dawa kila wiki mpaka aumwe mgongo. Hiyo nilikuambia mimi miaka mingi, ukiwa bado unavaa yunifomu, na sikujua ni kitu cha kuandikwa. Ukaniletea kipimo na daftari. Kila siku saa tatu asubuhi nasoma maji, halafu nahesabu majani yenye madoa kwa mimea ishirini ya kando ya fensi na ishirini ya shambani, ile uliyofunga utepe mwekundu.

Sasa Mercyline akafika mahali ambapo Daktari Adongo ameweka alama ya kusifu. Mwaka jana ugonjwa ulianza kwa fensi, na shambani ukafika baada ya siku tano. Mwaka huu tena, siku tano. Misimu miwili, jibu moja. Anasema hapo ndipo kazi yote imesimamia. Akafungua daftari langu, ambalo alikuja nalo, akanionyesha kurasa za Juni. Akasema kurasa zingine zina matope na vidole, na moja kuku ameikanyaga, lakini hizi ni safi kama za mwalimu. Alikuwa ananisifu, masikini.

Chelangat, kurasa hizo ni safi kwa sababu hazikufika shambani.

Unakumbuka Juni ulikuwa Kampala kwa yale mafunzo ya hesabu za kompyuta, na nikakuambia Bethwel ameteguka mguu kidogo. Haikuwa kidogo. Pikipiki ilimwangukia kwa ile kona ya kwenda Molo, mfupa ukavunjika mara mbili, tukampeleka hospitali Nakuru akafanyiwa upasuaji. Nililala kwa benchi kando ya kitanda chake kuanzia tarehe tisa mpaka tarehe kumi na saba. Yeye mwenyewe alinishika mkono akasema usimwambie Chela, ataacha masomo arudi. Na ni kweli ungerudi. Kwa hivyo tulikuficha, mimi na yeye, na tunakuomba msamaha kwa hilo pia.

Wariara, jirani yetu, nilimwachia ng'ombe, kuku na ufunguo wa nyumba. Daftari sikumwachia. Hapa nitakuambia ukweli ambao hata kwa maombi nimeuzungukazunguka. Haikuwa kusahau. Niliona wivu. Mambo yote ya nyumba hii mtu mwingine anaweza kuyafanya, lakini ile ya saa tatu ilikuwa yangu. Watu walikuwa wanapita barabarani wanauliza, Mama Chelangat, leo mvua ni ngapi? Sikutaka waanze kumuuliza Wariara.

Niliporudi tarehe kumi na nane nilikuta kipimo kina milimita sitini na tatu. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kote, kwa fensi na shambani. Nilikaa hapa kwa meza na kalamu. Nikagawanya sitini na tatu kwa siku tisa, nikapata saba. Nikaona hakuna mvua inayonyesha saba kila siku kama dawa ya hospitali, nikaipa siku moja kumi na nne, nyingine mbili, mpaka ikafanana na mvua. Kwa majani, nikakumbuka mwaka jana fensi ilitangulia kwa siku tano. Kwa hivyo nikaandika siku tano. Sikutaka kudanganya mtu. Niliona ni kama kushona tena nguo iliyofumuka ambayo mshono wake unaujua. Nilikuwa na hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa, na hata leo naamini ndivyo ilivyokuwa. Lakini sikuona. Jana niliposikia misimu miwili imetoa jibu moja, nilijua ni msimu mmoja umejibu, na wa pili ni mimi niliyeujibia.

Nikamwambia Mercyline nitasaini asubuhi. Akasema mathe ni sahihi tu, dakika moja. Nikasema kwetu hatusaini na tumbo tupu. Leo baada ya kukamua nilikwenda kwa Wariara nikamweleza yote, hata ule wivu. Aliniangalia akaniuliza, kwani ungeniachia hilo daftari lingenivunja mkono? Halafu akasema yeye, akifunga ng'ombe kwa fensi, aliona madoa kwa vile viazi wakati shamba bado ni kijani, lakini siku yenyewe haikumbuki na hawezi kunibunia. Hawezi kunibunia! Alinichoma bila kujua, ama kwa kujua.

Najua kitu ninachokuharibia. Bila hii kazi kutoka, hawakupi digrii, na Ijumaa ni keshokutwa. Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu angejua, kwa sababu daftari ni langu na ng'ombe hawasemi. Lakini nilikufikiria umesimama mbele ya watu, mtu akuulize kuhusu Juni, na wewe ujibu kwa moyo mweupe kitu ambacho mama yako alikibuni kwa meza ya jikoni. Uligombana na Daktari ili niandikwe kama mtu aliyefanya kazi. Sitaki uwe umegombania uongo.

Usilie. Nimefikiria kama mkulima, na naona shamba halijaungua lote. Msimu wa mwaka jana ni wa kweli, kila siku, hata siku ile ya mazishi ya shangazi yako nilipima kwanza ndipo nikavaa. Mwaka huu siku zote za kabla na za baada ni za kweli. Hizo tisa nimezizungushia kalamu nyekundu na kuandika kando: sikuwepo. Ile sitini na tatu ni ya kweli ikiwa imeunganishwa, mkiweza kuitumia hivyo. Na kuna jambo lingine, hili sikutaka kulisema mapema lisife. Tulipopanda Septemba nilifunga utepe tena bila kuambiwa, ishirini na ishirini. Tangu mimea itokeze napima kila siku. Leo nimemfundisha Wariara kusoma kipimo, na anasoma vizuri kuliko mimi, ananiambia niiname macho yawe sawa na maji. Nikiugua, ataandika yeye, na ataweka jina lake kando ya siku yake. Kwa hivyo kama mtangoja, msimu wa pili uko njiani, na huu utakuwa na macho manne.

Kama ni lazima jina langu litoke, litoe. Nimeshaliona mara moja na limenifurahisha. Ila lako lisiguswe, kosa si lako. Lakini kama bado kuna nafasi yangu hapo juu, nitaitaka, nisikudanganye tena.

Fomu iko ndani ya bahasha hii pamoja na daftari. Nimesaini. Chini ya sahihi nimeandika kwa Kiswahili: “Mimi Rael Jebet, tarehe 9 mpaka 17 Juni sikuwa shambani, niliyoandika nilikisia. Siku zingine zote nilikuwepo, na nitajibu.” Mpelekee Daktari Adongo hivyo ilivyo. Akikasirika, usinijibie wewe. Mpe namba yangu ya simu. Mwambie tu apige baada ya saa tatu na nusu asubuhi, kwa sababu kabla ya hapo niko kwa kipimo.

Nasikia sauti ya Mercyline kwa lango, wacha nimalize. Nimekufungia viazi vya kutosha wewe na yeye, na maziwa ya mursik kidogo, kibuyu urudishe. Bethwel anakusalimia, anasema utamkemea ukija, si kwa simu. Wariara naye anakusalimia, na anauliza ati jina lake litaanza kuhesabiwa akishapima siku ngapi. Mungu akushike mkono, mama, akulinde unapolala na unapoamka.

Ni mimi mama yako akupendaye,

Rael Jebet