Uso wa Ulimbo na Mchanga

Stesheni ya reli, Dodoma,
siku za kiangazi, uwele umekwisha kuvunwa

Kwa mama yangu Mwanahawa, aliyeko Pangani, nyumba ya nyuma ya soko.

Nakushika miguu, mama. Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa asubuhi zote ambazo sikuwapo kukuamkia. Mimi mwanao Sefu ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa kipupwe kimepoa. Wewe je, magoti yanakuachia kuvuka kizingiti? Usingizi unaupata? Habari za macho sitakuuliza, kwa kuwa dada Mwanajuma ameshaniandikia. Jicho la kulia lilifunga mwaka jana, na la kushoto limefuata baada ya Ramadhani. Barua hiyo niliisoma nimesimama penye pampu ninayoitunza hapa stesheni, ya kunyweshea gari la moshi, nikairudia, nikairudia tena, maji yakafurika mpaka njiani. Dereva wa gari la moshi alinitukana kwa Kijerumani, na alipoona sisikii akanitukana kwa Kiswahili.

Dada Mwanajuma, wewe unayemsomea mama, leo soma yote. Nakujua. Ukifika penye aibu unakohoa, kisha unaruka mistari miwili. Leo usikohoe.

Pamoja na barua hii kuna kitabu. Kimebanwa kati ya vibao viwili na kufungwa kamba, na amekileta fundi wa reli, Mpangani mwenzetu, ambaye nimemwapisha asikilalie njiani. Msikifungue kwanza. Nataka mama ajue kilikotoka.

Nilipofika bara, kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kushika mnyororo wa kupimia njia ya reli. Bwana wetu tulimwita Bwana Kipimo. Alikuwa Mjerumani mrefu, mkavu, asiyecheka, lakini jioni kazi ikiisha alikuwa akikaa juu ya sanduku na kuchora vilima. Siku moja mvua ya ghafla ilimloweshea kitabu kipya cha kuchorea, kingo zikavimba, akakitupa. Nikamwomba. Akanitazama sana, akauliza, "Utakifanyia nini?" Nikamjibu, "Nitamchorea mama yangu nchi hii." Akanipa, na kipande cha kalamu ya risasi juu yake.

Wakati ule, mama, ulikuwa bado unaona, ila ulikuwa ukilalamika kwamba kuna ukungu. Nia yangu ilikuwa uione nchi ninayoishi kabla ukungu haujawa mzito. Kwa hiyo kurasa za mwanzo ni za kalamu ya risasi. Wamo wenzangu na mnyororo, zimo nyumba za Wagogo, ambazo haziezekwi makuti kama zetu. Paa lake ni bapa, la udongo, mtu huanika uwele juu yake na mbuzi hupanda kuula. Niliona fahari siku mbili. Siku ya tatu nikaziangalia kwa mbali, na mistari yote ikanipotea. Nikajiambia, kama mimi mwenye macho sizioni, mama ataziona wapi.

Nikahamia kwenye makaa. Makaa ya mgunga ni meusi kweli, hata mtu mwenye ukungu machoni hawezi kuyakosa. Shida yake yanachafua. Ukurasa ukigusana na mwenzake, kila mmoja unachukua cha mwenziwe. Kwa makaa hayo nilichora ng'ombe wa mzee Chilewa, mwenye zizi karibu na kambi yetu. Mzee akaja kutazama.

"Ng'ombe huyu wa nani?"

"Ni wako, mzee."

"Wangu yupi?"

"Ni ng'ombe tu, mzee."

Akanisikitikia kweli kweli. "Ng'ombe tu hakuna. Mama yake nani? Pembe hii inakwenda wapi? Huyu uliyemchora hakuzaliwa."

Mama, sisi watu wa pwani tunajua samaki na nazi. Nilikuwa sijui kwamba watu hawa humjua ng'ombe kwa baka lake, kwa pembe yake, na kwa ukoo wake mpaka kwa bibi. Jumapili zangu zote za mwaka ule nilizimaliza zizini kwa mzee Chilewa, nikijifunza. Mpaka siku moja nikamchora mmoja mwenye baka jeupe ubavuni, na mzee akamtaja jina kabla sijainua mkono. Binti yake alikuwa pembeni anakamua, anacheka. Binti huyo anaitwa Mwendwa.

Dada, nimesema usikohoe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, mama, na nimezaa. Mwendwa ni mke wangu, huu mwaka wa tatu. Alisilimu kwa ridhaa yake, na mwalimu mmoja Mrangi wa Kondoa alitufungisha ndoa. Mahari ya huku ni ng'ombe, nami ng'ombe niliokuwa nao ni wale wa makaa tu, basi mzee akanikubalia nimtumikie badala yake. Kilichomtia shaka hakikuwa mali. Alisema, "Kijana ni mzuri, lakini amekuja peke yake. Nani atakaa upande wake? Nani atasema mtoto huyu ni wetu?" Nikamwambia mama yangu yupo. Nilimwambia hivyo kwa sauti kubwa, kisha wewe sikukuandikia.

Niliogopa. Niliogopa ungesema, basi, mwanangu ameota mizizi, harudi tena. Ni kweli kwamba kila nikiomba ruhusa ya kuja Pangani naambiwa gari la moshi haliwezi kukaa na kiu kwa sababu ya mama wa mtu. Anayeondoka bila ruhusa hurudishwa, na kiboko tunakijua. Lakini ruhusa haikunizuia kuandika jina la mke wangu kwenye karatasi. Ulionizuia ni woga, na leo nauvua mbele yako.

Tuna mtoto wa kike. Ana mwaka na nusu, ana meno manane, na akikasirika hukaa kimya badala ya kulia, jambo linalomtisha kila mtu. Anaitwa Mwanahawa. Nimempa jina lako, mama, kabla sijapata moyo wa kukwambia kwamba yupo.

Mwendwa alipokuwa mjamzito aliniuliza, "Mama yako yukoje?" Nikachukua kalamu ya risasi nimwonyeshe. Nilikaa tangu alasiri mpaka ng'ombe wakarudi. Ilikuja mikono yako, na miyaa ya ukili imebanwa kati ya vidole. Ilikuja kanga ya bluu na namna unavyoifunga kiunoni. Uso haukuja, mama. Nilijaribu mara nne nikapata wanawake wanne nisiowajua. Miaka saba tu, na uso ulioniinamia toka nilipozaliwa umenitoka. Nililia mbele ya mke wangu bila haya, na kurasa hizo nne nikazichana. Ukizipapasa kingo za kitabu utakuta mahali zilipotoka.

Mtoto alipozaliwa nilitaka rangi, maana makaa na risasi si vitu vya mtoto mchanga. Vijana wa Kigogo hujipaka udongo mwekundu uliokandwa kwa samli, wakang'aa wakapendeza. Nami nikafuata kanuni hiyo hiyo: udongo, samli, kidole. Jioni picha ilikuwa nzuri mno, nikalala nikijisifu. Asubuhi samli ilikuwa imepenya kurasa tano, na ng'ombe wote wa mkwe wangu wanaogelea mafutani. Mwendwa alicheka mpaka akakaa chini. "Karatasi ina ngozi?" akaniuliza. "Inapauka? Mbona umeipaka mafuta?"

Bwana Kipimo alipopita hapa akielekea Tabora, nilimwonyesha msiba huo. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka. Akanifungulia kisanduku chake cha rangi za maji, akanieleza kwamba rangi zile za Ulaya ni unga wa rangi uliokorogwa na ulimbo wa mgunga na asali kidogo. Nilidhani ananifanyia mzaha. Ulimbo wa mgunga watoto wa huku huutafuna wakichunga, na asali iko kibuyuni kwa mama mkwe! Basi nikajikorogea mwenyewe: udongo mwekundu, masizi, unga wa majani, ulimbo, asali. Nikamchora mtoto amekaa juu ya ngozi, na safari hii rangi ikatulia. Ulikuwa uso kamili. Nikafunga kifurushi. Kesho yake ikaja barua ya dada kwamba jicho la pili limefunga.

Sitakuficha nilivyoumia. Picha imekwisha, na mwenye kuitazama hana macho. Nilikitupa kitabu nyuma ya kihenge cha uwele na kwa wiki nzima sikukigusa.

Aliyekiokota ni Mwendwa. Tone la ulimbo lilikuwa limedondoka kwenye jalada, mchanga ukagandia hapo, likakauka. Akapitisha kidole gumba, kisha akaniletea nami nipitishe. Mimi nikakukumbuka barazani na ukili wako. Hukuwahi kuutazama, mama. Vidole vilikuwa vinasuka, vinapishanisha miyaa, vinajua wapi pamelegea, na macho yako yalikuwa yanatutazama sisi tunavyopigana uani.

Basi nikaanza upya. Nilichekecha mchanga wa mto kwa kitambaa, nikaukoroga na ulimbo, nikachora kwa kijiti mistari iliyoinuka. Uso wa kwanza niliomchorea mtoto ulipokauka ulipasuka, nyusi zikabanduka. Nikakumbuka asali inalainisha, nikatia, tena kwa mkono wa ukarimu. Asubuhi sisimizi walikuwa wamekula shavu lote la kushoto. Nikachora mwingine, nikapunguza asali, wakarudi. Mchovya asali hachovyi mara moja. Mwishowe nikagundua kwamba nikitia jivu la jikoni, sisimizi wananusa na kupita zao.

Nilihitaji mtu wa kunipima. Bibi yake Mwendwa, mzaa baba, hana macho tangu kabla ya reli na kabla ya boma. Husema hajawahi kumwona Mjerumani hata mmoja, na hadhani kama amekosa kitu. Nikampelekea picha ya kwanza iliyosalimika. Akaipapasa, akasema kitu kwa Kigogo, watu wakaangua kicheko. Mwendwa akanitafsiria, "Anauliza, huyu mbuzi ana mimba?"

Nikarudi kurekebisha. Picha ya pili aliishika kwa muda mrefu zaidi, akaniuliza kama mtoto amevimba meno. Nikarudi tena. Ile ya tatu niliifanya huku mtoto amelala mapajani mwangu, mkono mmoja unapapasa uso wake, mwingine unafuatisha kwenye karatasi, na macho nimeyafumba. Ndipo nilipoelewa nilikuwa nakosea wapi. Nilikuwa nachora kile ninachokiona.

Bibi alipoipokea hiyo ya tatu hakucheka. Alipitisha vidole mara moja, akaanza tena juu. Akaomba aletewe mtoto, akamshika. Kisha akasema pole pole ili Mwendwa apate kunitafsiria:

"Ni yeye. Paji hili ni letu. Kidevu ni cha Chilewa mwanangu, kaidi kama yeye. Lakini pua hii sisi hatuna."

Nikasema labda ni yangu. Akaninyooshea mkono, nikainama, akanishika pua bila adabu yoyote.

"Wewe hii umepewa na baba yako," akasema. "Ya mtoto si hii. Ni ya aliyekuzaa."

Mzee Chilewa alikuwa amekaa hapo. Akanigeukia, akaniuliza, "Ni kweli?"

Pua yako, mama, nayo ilikuwa imenitoka. Baba wa mtoto, mwana wa mama yake, nimekaa mbele ya wakwe na sijui. Nikasema, "Nitauliza nyumbani." Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Uliza." Ndiyo maana nimeandika.

Mwendwa anakuamkia. Kwao husema mbukwa, nami nimemfundisha shikamoo, ila ulimi unamteleza. Anasema usimkasirikie kwa kosa langu. Nisalimie mjomba Athumani aliyenifunza kuandika, mwambie mwandiko umeharibika lakini adabu ipo. Nisalimie shangazi wa vitumbua, na mwalimu wa chuo cha Kurani kama bado anawakanya watoto wa watu. Jirani yetu fundi cherehani mpe pole ya mkewe. Na wewe, dada, Mungu akulipe kwa macho yako unayomwazima mama.

Sasa weka barua hii magotini, dada, kata kamba, ufungue penye unyasi niliouweka uwe alama. Mkono wa mama usiuongoze, aanze mwenyewe anapotaka. Mama, paji la uso liko juu. Nenda taratibu kwenye nyusi, hapo mchanga ni mwepesi. Ukifika puani simama, na mkono wako wa pili uweke kwenye pua yako mwenyewe. Kaa hapo kadiri upendavyo. Kisha mwambie dada aniandikie neno moja tu, nami nitalibeba hadi zizini kwa mzee Chilewa: ni wetu, au si wetu.

Mimi mwanao,
Sefu, baba yake Mwanahawa