Mpunga ndani ya boksi la spika

Mjukuu wangu, mume wangu Deo,

Huku Ifakara hatujambo, mama yako yuko shambani. Unaniuliza kama uwaambie wenzako wa kwaya kwamba wewe ndiye uliyeunguza spika za gitaa.

Usichanani mwangu, boksi la spika za kwaya lilitunzwa kwetu. Nilirundika mpunga ndani yake, panya wakaufuata na kutafuna spika. Zilipokwaruza, mpiga gitaa Beno ndiye aliyesemwa: “Unapiga kwa fujo!” Nikanyamaza. Fundi alipofungua aweke spika mpya, mpunga ukamwagika. Beno akanitazama, akaufukia kwa mguu upesi. “Kosa langu, fundi. Endelea.”

Hata samahani sikumwambia. Nimezeeka, na nikimwona sokoni bado napita upande mwingine.

Waambie, baba. Wakikugombeza, nipigie.

Bibi yako