Mikono ya Zihindula

Jumatatu, 4 Novemba 1957

Depo saa moja kamili. Nimeufungua waya wote wa winchi na kuukagua mita kwa mita, glavu mikononi. Anayeshika waya wa chuma mikono mitupu amechoka na vidole vyake. Karibu na ndoano nyuzi nne zimekatika. Nimemwonyesha Bwana wa depo. Amesema waya mpya uko njiani, huu utavumilia. Ni rahisi kusema, yeye hakai karibu nao.

Leo Simoni ameanza kutoa ishara. Ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye machimbo ya dhahabu kule Luhwindja mwezi uliopita. Mpaka Septemba ishara zilikuwa kazi ya Papa Zihindula. Miaka sita nimekaa ndani ya kamyo letu la kuvuta magari yaliyokwama, mkono kwenye wenzo wa winchi, macho kwenye mikono yake. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Sisi tulikuwa Mwenga tunavuta lori la mawe. Sikumzika, na inaniuma.

Kanuni yake ya kwanza: kwenye winchi unatazama mikono ya mtu mmoja tu. Wakionyesha wawili, kuna atakayekufa. Nimemwambia Simoni mara tatu. Amecheka, ananiita katekista.

Jumatano, 6 Novemba

Kamyo la kahawa mtaroni, njia ya Katana. Kazi ndogo. Magogo chini ya magurudumu yetu. Mizunguko mitano ya waya imebaki kwenye ngoma ya winchi. Magunia mawili yaliyolowa juu ya waya, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka. Simoni kulia. Nikaanza kuvuta.

Kisha nikatazama kushoto. Mazoea tu. Zihindula alisimama kushoto siku zote. Kando ya migomba palikuwa na mtu, kiganja juu ya kofia.

Depo nzima, anayetaka kusimamisha huvuka mikono juu ya kichwa. Zihindula peke yake aliweka kiganja kwenye kofia, kama anayeogopa upepo usiichukue. Wazungu walimkataza wakachoka.

Nikasimamisha.

"Shemeki, unaangalia nani?" Simoni aliuliza. "Mimi niko huku."

Kwenye migomba hapakuwa na mtu. Tulikagua kila kitu, hapakuwa na kasoro. Tukavuta tena, kamyo likatoka. Nimeona haya.

Alhamisi, 7 Novemba

Sijamwambia mtu. Hata Simoni. Daftari hili tu.

Mke wangu ameona sili. Akauliza kama ni Simoni, nikasema hapana. Tangu nimlete mdogo wake mjini ana neno moja, na jioni hii amelirudia huku anaosha sahani: "Ni wewe ulimutosha kwetu. Ni wewe utamurudisha." Nilimtoa mimi, nimrudishe mimi, mzima. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Jumamosi, 9 Novemba

Mwandiko mbaya.

Lori lilitoka barabarani njia ya Bunyakiri, juu kwenye mianzi. Lilishuka korongoni mita kumi na tano hivi, likazuiwa na mwamba. Ukungu mzito. Dereva wake amevunjika mguu, tulimkuta kando ya barabara anatetemeka kwa baridi. Simoni akamfunika kwa magunia yetu yote mawili. Ningefanya hivyo hivyo. Lakini waya ukabaki uchi, nami nikakubali tuvute. Kosa langu, si la mwingine.

Katika ukungu ule Simoni hakuweza kuliona lori na kuniona mimi mpaka asimame karibu na waya. Karibu mno. Nikamwambia arudi nyuma. Akarudi hatua mbili. Ukungu ukashuka, akasogea tena mbele hatua zile zile.

Nikavuta. Waya ukaanza kuimba. Sauti nyembamba, nilikuwa naisikia kwenye meno. Simoni anaonyesha vuta, vuta.

Kushoto, kati ya mianzi, kiganja juu ya kofia.

Safari hii nilimwona vizuri. Bega lake la kushoto lililolala. Koti lake la mvua. Sikuwa na usingizi, sikuwa nimekunywa. Kanuni ilikuwa wazi: mtoa ishara ni Simoni, tazama mikono ya Simoni. Naijua kanuni hiyo kuliko Baba Yetu.

Nikasimamisha. Nikaifunga ngoma.

Simoni akaacha mahali pake, akaja juu kwangu kwa hasira. Alikuwa ameshika mlango wa kamyo. "Juu ya nini umesimamisha?"

Waya ukakatika.

Mlio kama wa bunduki. Ncha ilipita pale alipokuwa amesimama, ikaifyeka mianzi minene kama mkono wangu, yote usawa wa kifua. Lori likarudi chini mpaka kwenye mwamba wake. Mianzi iliendelea kuanguka mmoja mmoja. Simoni aliitazama.

Baadaye nilikwenda kushoto peke yangu. Tope laini, majani yaliyolowa. Nyayo zilikuwa zangu tu.

Jumapili, 10 Novemba

Misa ya kwanza. Nilitaka kumwombea Zihindula apumzike. Nikashindwa kumaliza. Nusu yangu inataka abaki.

Jumanne, 12 Novemba

Bwana anaandika ripoti. Nani alitoa ishara ya kusimamisha? Nikasema Simoni. Simoni akanitazama, akaangalia chini. Amesifiwa.

Halafu nikaomba kutolewa kwenye wenzo. Anayetazama mikono ya watu wawili hafai kukaa pale. Siku moja nitamsubiri yule wa kushoto na hatakuja, na nitakuwa nimemuua shemeji yangu kwa kusubiri. Hayo sikumwambia Bwana. Nilisema macho yamechoka. Simoni atajifunza winchi, mimi nitatoa ishara. Naogopa, lakini nimepumua.

Alhamisi, 21 Novemba

Waya mpya umefika. Tumerudi kwa lile lori.

Ukungu kama siku ile. Magunia manne, yote juu ya waya, na blanketi yangu. Nikasimama kushoto, mbali na waya, pale ambapo ukikatika haunifikii. Simoni ndani ya kamyo, wenzo mkononi. Nikainua mkono: vuta.

Hakuvuta. Akatoa kichwa dirishani. Huyu alikuja mjini Zihindula ameshazikwa. Picha yake hakuna, na mimi sijasema kitu kwa mtu.

"Shemeki, niangalie mikono ya nani? Yako, ao ya ule papa iko nyuma yako?"

Nikamuuliza huyo mzee anafanya nini na mikono yake.

"Hakuna kitu anafanya. Ameiweka ku mugongo."

Nikamwambia aangalie yangu tu. Sikugeuka. Nikainua mkono tena, na Simoni akavuta. Lori lilipanda polepole, na saa tano lilikuwa barabarani.