Maelezo ya Mama Machungwa kuhusu Baba Nzi Kupuliziwa Dawa

MAELEZO YA SHAHIDI
Mwanamke, miaka 61, mjane, mkulima wa machungwa. Anaishi peke yake shambani kwake.

Mimi najulikana kama Mama Machungwa. Jina la kwenye kitambulisho umeshalinakili. Naeleza niliyoyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu.

Aliyeumia tunamwita Baba Nzi. Ni mtaalamu wa wadudu. Kila Jumanne huja kwangu na mifuko ya karatasi yenye nzi wa matunda, madume watupu, waliopigwa mionzi wasiweze kuzalisha na kupakwa unga wa pinki ili watambulike. Huichana mifuko, nzi wakaruka kwenda kupandana na majike wa porini, na mayai hayaanguliwi. Alinieleza hayo taratibu, akinywa maji kibarazani. Tangu mume wangu afariki, wanaonibishia hodi ni wawili tu: huyo, na shemeji yangu, mdogo wake marehemu, tunayepakana naye mashamba. Siku nyingine naongea na redio. Ni upweke, afande, andika hivyo hivyo.

Shemeji hakutaka kuwasikia hao nzi. Mitego yake ya nzi ilijaa, akawa ananicheka: "Shemeji, nyumba inaungua, wewe unaita mtu alete kuni?" Nilimwonyesha kwamba karibu wote mtegoni ni wa pinki, hawana madhara. Akasema nimejazwa maneno.

Mnamo Jumanne iliyopita, saa mbili asubuhi, Baba Nzi alikuwa kwenye miti ya mpakani akichana mifuko. Shemeji akatokea upande wake na bomba la dawa mgongoni, anapuliza ile miti ili awaue nzi. Nikapiga kelele: "Shemeji, acha, kuna mtu hapo!" Baba Nzi naye akainua mkono, akasema, "Mzee, subiri nitoke." Shemeji akanitazama mimi, akamtazama yeye, akampulizia usoni. Si mara moja. Nilimwosha macho kwa maji ya ndoo mpaka gari likaja. Nasikia jicho moja halioni tena.

Kabla hamjamkamata, shemeji alikuja jikoni kwangu. Alisema, "Sema majani yalinikinga, sikumwona. Nikifungwa, wewe utabaki na nani?" Nilimpa chai, akanywa, akaondoka.

Jamani, swali lake ni la kweli. Sina mtoto. Presha ikipanda ni yeye anayenipeleka hospitali. Ile nyumba yangu sasa naiogopa, sikufichi. Lakini alimwona yule mtu. Alimwona vizuri kabisa.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Nimesomewa, ni maneno yangu, sina la kupunguza.

Shahidi: (dole gumba la kulia)

Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, na kumsomea shahidi, naye akayakubali. Baada ya hapo alibaki amekaa kwenye benchi. Nilimuuliza kama kuna ndugu wa kuja kumchukua. Alijibu kuwa anayemchukuaga siku zote yuko mahabusu humu ndani, kisha akaniuliza kama huyo ameshakula.