Mafua ya Chifu, Chatu wa Pam

Keumbu, Kisii
14 Mei 2025

Mpendwa binti yangu Sharon,

Anayekuandikia ni mtu ambaye nyoka wote wa kufugwa, kuanzia Keumbu hadi Nyamira, wanamtegemea ili wapumue. Sijisifu, ndivyo ilivyo. U hali gani huko Mombasa? Joto halijakumaliza? Sisi tu wazima. Mama yako mdogo Nyakerario bado anachuma majani chai kama msichana, na goti langu limeacha kuuma.

Sharon, mke wa kaka yako nimemvulia kofia. Tulisema huyu Pam wa kutoka ziwani hatamaliza mwezi hapa na nyoka zake. Sasa ana kibali cha serikali, ana nyoka wanne, na shule za hadi Ogembo zinamwita afundishe watoto. Mkubwa wao ni chatu anaitwa Chifu, urefu wake kama kutoka kwangu hadi kanisani.

Mwezi uliopita mzee Bosire alimletea chatu mwingine, mgeni. Pam akamfungia chumba cha nyuma, akae miezi mitatu peke yake, na bakuli lake la maji. Alisema nyoka anaweza kuficha ugonjwa wa mapafu, halafu awaambukize wenzake kwa makamasi, kwa maji, hata kwa mikono ya anayewahudumia. Nikaona huyu ni daktari kamili, amekosa koti tu.

Wiki jana Chifu akaanza. Shingo juu, mdomo wazi, puani mapovu, na pumzi inapiga filimbi. Mimi niliisikia nikiwa mbali kule Nyanchwa. Pam hakupiga kelele. Alimbeba hadi kwa daktari wa mifugo mjini, akarudi na sindano za wiki tatu, na anamchoma mwenyewe. Chumba anakipasha joto, maana baridi yetu haimsaidii mgonjwa.

Daktari alikuja akawapima wote wawili, Chifu na yule mgeni, akakuta ugonjwa umetoka kwa mgeni. Chifu anaweza kupona, lakini isipojulikana ulipitia wapi, wale watatu waliobaki watafuata.

Sasa unajua mke wa mtoto wetu hawezi kumhoji mzee kama mimi. Heshima hairuhusu. Alisimama nje ya mlango wangu, macho chini, akasema, "Baba, sijui nimekosea wapi. Labda ni hii mikono yangu."

Nikamjibu ni upepo wa mvua. Akaitikia tu. Tangu siku hiyo anajiosha mikono kwa dawa mpaka ngozi inatoka.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Simu hapa kila mtu anaisikiliza, kwa hivyo barua nimeipa basi ikufikie kesho. Mpigie Pam siku hiyohiyo. Mwambie si mikono yake, ni fimbo. Maji ya asubuhi mimi ndiye huwawekea nyoka, na mabakuli yote nayavuta kwa fimbo moja ndefu, nikianza na la mgeni, kisha la Chifu. Leo nimeichoma.

Nisalimie Linda na Brandon. Mungu akulinde kazini na njiani.

Pam akitaka kujua fimbo ilikuwa ya nini, sema ni utaalamu wangu. Lakini wewe ni damu yangu: huu ni mwaka wa pili nahudumia nyoka, na sijawahi kumgusa hata mmoja. Hata yule mdogo, ambaye watoto wa chekechea humvaa kama mkufu, namwogopa.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye siku zote,
Onyiego